Mtoto Wangu Halii, Wakasema Ni Mpole

Picha ya mwanangu akiwa amelala ilipata mioyo mingi kwenye grupu la ukoo kuliko picha zangu za harusi.

"Jamani huyu mtoto mpole!"

"Kachukua tabia za bibi yake."

"Mama Eli una bahati, wa kwangu alinikesha mpaka nikakonda."

Mimi najibu kwa vicheko na makopakopa, najiona mshindi.

Kumbe tulikuwa tunamshangilia mtoto anayekufa.

Naombeni mnisome mpaka mwisho, hasa ninyi mlio na vichanga ndani.

Naitwa Namnyaki. Ni Mwarusha, nina saluni ya nywele mjini, Lemara, na wateja wangu wanajua mdomo wangu hauna breki. Mume wangu ni Mmeru, anaitwa Calvin, mtu wa maneno machache. Mungu alijua kutupanga.

Nilijifungua kwa upasuaji mwezi wa saba, msimu ule ambao ukungu unashuka toka mlimani na nguo hazikauki. Calvin akasema nisikae mjini peke yangu. Nikapelekwa kwa mama yake kijijini, juu ya Maji ya Chai, katikati ya migomba na kahawa, nikatunzwe uzazi.

Mtoto alikuwa wa kike. Kwa mila yao akapewa jina la bibi yake, Elinipa. Tukamwita Eli.

Mama mkwe wangu alinitunza, siwezi kusema uongo. Mtori wa ndizi aliupika, maji ya moto aliyachemsha, nguo za mtoto alizifua na mikono yake yenye ganzi ya baridi. Tatizo mimi nilitoka kliniki na msimamo. Mtoto ni maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Hakuna maji, hakuna uji, hakuna dawa ya majani. Nilimwambia siku ileile niliyofika, tena kwa sauti ya saluni.

"Sawa, mwanangu," akanijibu. "Mtoto ni wako."

Baridi ile ikanipa kikohozi.

Mliopasuliwa mnanielewa. Kukohoa na mshono mbichi ni mateso. Kila nikikohoa nahisi tumbo linafunguka. Mama alikuwa anakunja kanga, ananibana nayo tumboni, ananiambia, "Kohoa taratibu, nimekushika."

Wageni nao hawakukatika. Huyu kaja kumwona mtoto na sukari, yule na sabuni, mwingine na kuku. Siku moja akaja Prosper, rafiki wa Calvin, anaendesha lori kwenda Namanga. Alinisikia nakohoa na kulia. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na chupa ya dawa iliyobaki nusu.

"Shemeji, hii niliandikiwa mimi kipindi kile kifua kimenikamata. Ukinywa hii, kikohozi unakisahau."

Dawa tamu, nyekundu. Nikanywa kifuniko kimoja. Kikohozi kikakata, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu nijifungue. Kesho yake nilimpigia Prosper kumshukuru.

Nikaendelea nayo. Kikohozi kikichokoza kidogo tu, napiga funda. Kifuniko nilishakiacha, nainua chupa mdomoni. Nikawa nasinzia na kijiko cha mtori mkononi, choo kikawa kigumu, kichwa kizito. Nikajiambia ndio uzazi wenyewe huo.

Na Eli naye akawa analala.

Mwanzoni ilikuwa raha. Halii usiku, halii akiogeshwa, halii akibadilishwa nguo. Majirani wakija wanamshika mmoja baada ya mwingine, yeye kimya. Ndipo nikapiga ile picha.

Halafu matiti yakaanza kuniuma. Yamejaa, yanadondosha, mwenye kunyonya amelala. Nikimpa, anashika mara mbili tatu, mdomo unalegea, maziwa yanamtoka pembeni. Nikimfinya unyayo anafumbua jicho kidogo, anafumba.

"Mama Eli," mama mkwe akaniambia, "mimi nimelea watoto wengi. Huyu sio mpole. Huyu amelegea."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia hata kwenye grupu kila mtu anamsifia, isipokuwa yeye mwenye jina.

Mchana wa siku ileile nikaamka ghafla, mtoto hayupo kitandani.

Nikajikokota hadi jikoni, nimeshika mshono. Nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda, Eli mapajani, kikombe kando, kijiko mdomoni mwa mwanangu.

Niliona giza.

"Umempa nini mwanangu?"

"Kidogo tu, mwanangu. Alikuwa amekauka midomo, nikaona..."

"Nauliza umempa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe, nimeyachemsha nikayazimua na maji. Ni siku ya tatu hii, nampa kidogo ukilala."

Siku ya tatu! Nilimpokonya mtoto mpaka kikombe kikamwagika. Maneno niliyomtupia mama yule, mbele ya majirani waliokuwa wanachambua maharage, nikiyakumbuka natamani kujificha. Nilimwita mchawi. Nilimwambia hayo siyo maziwa, anamuua mjukuu wake kwa majani yake. Yeye aliokota kikombe, akakisuuza.

Kuanzia hapo nikamfungia mlango. Nikakamua maziwa yangu mwenyewe, nikayapitisha kwenye mdomo wa Eli kwa kijiko. Tone kwa tone. Nikaona nakiondoa kile alichopewa. Kila akimeza nilimshukuru Mungu.

Kesho yake asubuhi Eli alikuwa hapumui sawasawa.

Anavuta pumzi moja, anakaa. Anakaa mpaka unaanza kumtikisa, ndipo anavuta nyingine. Midomo imebadilika rangi, mikono inaning'inia. Nilipiga kelele zilizofika barabarani.

Jirani yetu Efraimu akaleta gari lake, Noah. Mama akapanda bila kualikwa. Njia nzima nilikuwa napuliza uso wa mwanangu, namwambia, "Eli, lia. Mama anakuomba, lia kidogo tu." Yule mtoto niliyemsifia kwa kutolia, sasa nilikuwa tayari kutoa chochote nisikie sauti yake.

Calvin alitukuta hospitali. Madaktari walishamchukua mtoto, wamemwekea hewa, wanamtafuta mshipa. Daktari mmoja kijana akatugeukia.

"Mtoto amepewa nini?"

"Muulizeni huyu!" Nikamwonyesha mama mkwe kwa kidole. "Kampa dawa za kienyeji kwa kificho!"

Watu wote wakamwangalia. Mama wa watu, kanga imelowa ukungu, miguuni ana ndala za jikoni.

"Ni maziwa, daktari. Maziwa na maji basi."

"Bibi, usiogope. Tukijua ni majani gani tutajua pa kuanzia."

"Hakuna majani, baba."

Calvin akamshika mama yake mabega. Sijawahi kumwona mume wangu akilia. "Mama, nakuomba. Sema ukweli. Mtoto anakufa."

Mama akatutazama. Halafu akapiga magoti, pale sakafuni, mbele yangu mimi mkwe wake.

"Namnyaki, nakuapia kwa Mungu wangu. Huyu amebeba jina langu. Nimpe nini kibaya?"

Sikumwamini. Niligeuza uso, nikamwacha amepiga magoti.

Ndani, muuguzi mtu mzima, Sista Agnela, akanipa kikombe kisafi. "Mama, kamua maziwa. Hawezi kunyonya, tutampitishia kwenye mpira wa puani. Apate nguvu."

Nikakamua. Nilikamua kwa hasira na kwa mapenzi, machozi yanadondoka, mpaka kikombe kikafika nusu. Nikampa. Akavuta maziwa kwenye bomba la sindano, akamsogelea Eli.

Kulia kule kukaniamshia kikohozi. Nikakohoa mpaka nikajikunja, mshono unawaka moto. Nikaingiza mkono kwenye pochi, nikatoa ile chupa ya Prosper, nikapiga funda.

"Unakunywa nini?"

Sista Agnela alikuwa amesimama, bomba la maziwa mkononi, hajalifikisha kwenye mpira.

"Dawa yangu ya kikohozi."

"Nipe."

Akaisoma lebo. Akaisoma tena, akiwa ameisogeza karibu na dirisha. Uso wake ukabadilika.

"Umeanza lini kunywa hii?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na unanyonyesha?"

"Ndiyo."

Alikwenda kwenye sinki, akamwaga yale maziwa yote, akafungulia maji. Kisha akamwita daktari kwa sauti ambayo sikuwahi kusikia muuguzi akiitumia.

Jamani. Maziwa yangu. Nilikaa pale chini nikaangalia yanavyozama kwenye tundu la sinki, nikaanza kuelewa kabla hawajaniambia.

Daktari alimchoma Eli sindano, dawa ya kuizima ile iliyokuwa inamlaza. Wakasimama wanamwangalia kifua. Mimi nilikuwa naomba kwa Kimaa, lugha niliyokuwa nimeiacha kwa bibi yangu. Calvin ameshika ukuta. Kifua cha mtoto kimetulia. Kimetulia.

Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Halafu Eli akalia.

Sauti ndogo, ya kukwaruza, yenye hasira. Sijasikia kitu kizuri kama kile duniani.

Baadaye daktari alitukalisha. Alisema dawa ile ina vitu viwili. Kimoja ni kodeini, ya jamii moja na mofini. Cha pili ni dawa ya mzio, zile za mafua zinazoleta usingizi. Kodeini ikifika kwenye ini inageuka kuwa mofini, na kuna watu miili yao inaigeuza upesi na kwa wingi, huwezi kuwajua kwa macho. Kwa mama anayenyonyesha inapita kwenye maziwa. Kichanga hana uwezo wa kuitoa mwilini haraka, inarundikana, inamlaza, mwisho inamkaba pumzi.

"Kwa hiyo nilikuwa namnywesha mimi," nikasema.

"Hukujua, mama. Ila ndiyo."

Calvin akauliza kuhusu kijiko cha mama yake.

Daktari akanigeukia mimi. "Maziwa ya ng'ombe siyo chakula cha kichanga, msirudie. Akilegea, mleteni hospitali, msisubiri. Lakini kwa siku zile tatu, kila kijiko cha bibi kilikuwa ni kijiko cha maziwa yako ambacho hakunywa. Ulipomzuia, akawa anapata ya kwako peke yake."

Nilitoka nje. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, ndala miguuni, anasubiri. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alidhani nimekuja kumfukuza, akaanza kunyanyuka.

Nikapiga magoti mimi. Mshono uliuma, sikujali. Nililia mapajani kwake mpaka kanga yake ikalowa upya.

"Mama, nisamehe."

Akaniwekea mkono kichwani. "Mtoto analia?"

"Analia, Mama."

"Basi nyanyuka, utafungua mshono."

Nikaanza kukohoa. Akavua kanga ya juu, akaikunja, akanibana nayo tumboni. "Kohoa taratibu, nimekushika."

Wapendwa, somo langu ni hili. Ile dawa ilimfaa Prosper kwa sababu daktari alimwona Prosper. Ilinifikia mimi bila kupita kwa mtu wa kuniuliza swali moja tu, unanyonyesha? Basi usinywe chupa ya mwenzako hata kama mmeugua kikohozi kilekile. Ukienda duka la dawa sema mwenyewe, nanyonyesha, au nina mimba, halafu uliza kama kuna kodeini au kitu cha kuleta usingizi ndani. Usiinywe kwa mafunda kama mimi, usiichanganye na pombe wala vidonge vingine vya usingizi, na usimpe mtoto mdogo dawa ya mkubwa eti umepunguza kipimo. Na kichanga akilala kupita kiasi, akakataa ziwa, akapumua kwa kukatakata, usipige picha. Kimbia hospitali.

Tulikaa wodini mpaka dawa ikamwisha mwilini. Maziwa nilikuwa nakamua na kumwaga, naye akanyweshwa ya kopo, hadi daktari aliporuhusu anyonye tena.

Siku tuliyorudi Maji ya Chai, Eli alilia toka getini mpaka kitandani. Nikashika simu, nikarekodi kile kilio, nikakituma kwenye grupu la ukoo.

Shangazi mmoja akauliza, "Jamani, yule mtoto mpole kapatwa na nini?"

Kabla sijajibu, jibu la sauti likaingia. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kutuma kitu kwenye lile grupu, alikuwa ameazima simu ya Calvin.

"Hajapatwa na kitu," alisema. "Yuko hai."