Posa Katika Nyumba ya Matanga

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo ukiona nimeandika juu ya vyuo vikuu vya Marekani usicheke kwanza. Ngoja nimalize, ndio ucheke, kama bado utataka.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu, na amelelewa kwangu hapa Matisi tangu hajaota meno. Alipomaliza kidato cha nne alipita vizuri, akaitwa chuo kimoja cha hapa nchini akasomee ualimu wa hesabu. Hakuutaka. Alitaka madaraja. Tangu akiwa mdogo, kila tukienda Bungoma kwa kaka yangu mkubwa, tukifika kwa mto ananisimamisha katikati ya daraja, anachungulia chini, anauliza nguzo hizi ziliwekwaje na maji yalikuwa yameenda wapi. Namwambia ni Mzungu aliziweka. Anauliza, “Na Mzungu aliambiwa na nani, kuka?” Kuka ndio babu kwetu. Sasa mtu wa darasa la tatu atajibu nini hapo?

Basi nafasi ya ualimu akaiacha ipite. Akasema atangoja mwaka mmoja aombe huko ng’ambo, mahali wanafundisha madaraja na wanalipia mtoto wa maskini. Watu wa Matisi walisema amerukwa na akili. Jirani mmoja alimwambia binti yangu peupe, pale kwa duka la unga, “Ndege mmoja mkononi, mama. Wako amemwachilia aruke.” Binti yangu ni fundi wa kushona huko Tuwan, na ulimi anao, lakini siku hiyo alichukua unga wake akaenda.

Aliyemsaidia msichana alikuwa mwalimu wake, kijana wa Kikuyu. Baba yake alinunua shamba huku zamani, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kibukusu anakijua kuliko watoto wangu. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja na kompyuta yake ndogo, akatuketisha chini ya iropa, kile kibanda cha juu cha kuhifadhia mahindi, mimi na binti yangu, akatueleza.

Alisema njia ni mbili. Kuna ya watu wote: unaomba vyuo vingi uwezavyo, unangoja majibu mpaka Machi. Na kuna ya mapema: unachagua chuo kimoja peke yake, unaahidi kwamba wakikuchukua unaenda kwao na vingine vyote unaviacha. Mzazi naye anatia sahihi kwamba ameikubali ahadi. Jibu linakuja kabla ya Krismasi.

Binti yangu akakunja uso. “Kwa nini umpe mtu neno lako, na yeye hajakupa lake?”

“Kwa sababu wanapenda mtu anayewapenda,” msichana akasema. “Ona hapa. Wa mapema wanachukuliwa kwa urahisi kuliko wa baadaye.” Akamwonyesha kwa simu. Mama akaangalia zile namba kama mtu anaangalia mvua ya mlima wa mbali. Ndipo msichana akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia. “Mama, chukulia ni uchumba. Ukiposwa na ukakubali, umekubali. Husimami tena barabarani kuangalia wengine. Ni hivyo tu.”

Hapo mama akaelewa. Nilimwona akielewa. Hata akatabasamu, akasema, “Basi niambie hao wakwe wako ni watu gani.”

Mwalimu akasema zile namba zisiliwe nzima nzima. Ndani ya hao wanaochukuliwa mapema kuna wachezaji ambao chuo kilishawaita zamani, na kuna watoto ambao baba zao walisoma pale pale. “Hao ukiwatoa, mlango si mpana vile unavyoonekana. Halafu wewe unataka wakulipie karibu yote. Kuna vyuo vikiona hivyo vinakusifu sana, halafu vinakuweka kando.”

Mimi nikawaambia habari ya mahindi. Nilipokuwa na nguvu nilikuwa napeleka mahindi kwenye ghala la hapa mjini. Pale langoni, kabla ya mizani, kuna mtu na chuma chake chenye ncha. Anadunga gunia, anatoa punje, anapima maji. Yakiwa mabichi anakwambia rudi nyumbani uanike. Mwaka mmoja nililala kwa foleni ndio niwe wa kwanza, na nikawa wa kwanza, na nikarudishwa wa kwanza. Watu walinicheka mpaka Kiminini. Nikasema, “Kuwa mbele kwa foleni hakukaushi mahindi.”

Mwalimu akacheka. “Mzee, huyu amekauka. Shida yetu ni kama mnunuzi amefungua.”

Walipima mambo hayo wiki nzima. Kulikuwa na chuo kikubwa, kile ambacho hata mimi nimekisikia kwa redio, na kulikuwa na kidogo, huko kwenye baridi, ambacho kinafundisha madaraja na hakichoki na watoto wa kulipiwa. Msichana moyo ulikuwa kwa kikubwa. Mwalimu akamwambia, “Risasi ni moja, wewe. Huwezi kuipiga angani ati kwa sababu anga ni kubwa.” Akalia kidogo, akanawa uso, akachagua kidogo. Mimi nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa alama zake zote. Akaandika insha yake juu ya daraja letu. Kila kitu kikawa tayari, ikabaki sahihi ya mama tu, na dirisha lilikuwa wazi mpaka Jumapili ya mwisho.

Jumatatu ya wiki hiyo kaka yangu akafa.

Si ugonjwa wa kusema. Alikunywa chai, akasema anahisi baridi, akaingia ndani. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wetu, nyumba yake ya Bungoma ndiyo nyumba yetu sisi wote. Tulifunga milango ya Matisi tukaenda. Nitasema ukweli, wiki hiyo madaraja hayakuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nahesabu hema, nagombana na watu wa jeneza, natafuta ng’ombe. Mazishi yakawekwa Jumamosi.

Sasa lazima nieleze kidogo, kwa sababu wengine wanaosoma si wa kwetu. Kwetu mtu akizikwa, siku ya tatu watu wa nyumba wananyolewa, na mzee anayejua maneno anasimama mbele ya watu anatuliza nyumba. Mpaka siku hiyo ipite, nyumba iko wazi, upepo unaingia. Huanzi jambo. Na jambo ambalo huanzi kabisa, hata ukiwa kichaa, ni kupokea posa ya msichana.

Na binti yangu hilo analijua kwa mwili wake. Mume aliyezaa naye huyu mtoto alikuja kumposa tukiwa bado na matanga ya mama yangu. Kijana alikuwa na haraka, wazee wa pande zote walikuwa wameshakusanyika, chakula kilikuwapo, watu wakasema tusiwasumbue wazee mara mbili. Dada yangu alikataa siku hiyo. Alisema ndoa inayofungwa juu ya udongo mbichi italia. Walimwambia anyamaze. Ndoa ikalia. Yule mwanaume alitoka nyumbani mtoto akiwa mgongoni, akasema anafuata kazi, na tunamngoja mpaka leo, kama ni kungoja.

Jumamosi tukazika. Jumapili mchana watu walikuwa wamepungua, waliobaki walikuwa wanakunywa chai na kubishana juu ya siasa, na wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu. Nikamwona mwalimu anaingia langoni juu ya bodaboda, koti la mazishi juu, na chini ya koti amekumbatia ile kompyuta kama mtu aliyeiba kuku. Alitoa pole kwa kila mtu, akaketi, akanywa chai yake yote. Kijana ana adabu. Halafu akasema polepole kwa binti yangu, “Mama, ni jina lako tu. Unaandika, unabonyeza. Hata chai yako haitapoa.”

Binti yangu akashika simu ya msichana, fomu iko wazi. Msichana alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kwa majivu.

Dada yangu, senge yao, yaani shangazi, alikuwa pale karibu anachambua mchele. Hakuinua kichwa. “Ni nini hiyo mnaandika?”

“Ni mambo ya shule, senge,” msichana akasema haraka.

“Shule gani ya Jumapili?”

Binti yangu ni mtu wa kweli, na ndio ubaya wake. Akasema, “Ni kile chuo. Cha uchumba.”

Mkono wa dada yangu ukasimama ndani ya mchele. “Cha nini?”

“Senge, si uchumba wa kweli,” msichana akasema. “Nilikuwa naeleza tu.”

“Unaahidi?”

“Ndiyo.”

“Na wakikubali huwezi kwenda kwingine?”

“Ndiyo, lakini—”

“Na mama yako anakutoa kwa mkono wake?”

Mwalimu akaingia kati. “Senge, hao watu hawajui matanga. Huko ni kompyuta inapokea, haina mila. Kesho dirisha limefungwa.”

“Kijana wangu,” dada yangu akamwambia, “hata kaburi halina mila. Lakini wewe ukipita usiku hulikanyagi.”

Watu wa chai wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akanigeukia mimi. “Mzee, sema kitu.”

Nikasema kwamba shule ni shule, na kwamba marehemu mwenyewe angetaka mtoto asome. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti. Lakini mimi nilikuwa mfiwa, sijanyolewa, na mfiwa neno lake siku hizo ni kama la mtoto. Tena aliyeshika simu hakuwa mimi.

Binti yangu aliangalia ile simu mpaka kioo kikazima. Akakiwasha. Kikazima tena. Msichana akapiga magoti mbele yake pale kwenye majivu, akasema, “Mama, tafadhali. Mama.” Na mama akasema, kwa sauti ya chini sana, “Mimi niliwekwa juu ya udongo mbichi. Wewe sikuweki. Jumanne, baada ya kunyoa, natia hata mara kumi.”

“Jumanne hakuna kitu, mama!”

“Basi watakuwa hawakukutaka.”

Mwalimu alifunga kompyuta yake. Alikaa mpaka jua likashuka, labda mtu angebadilika. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na pale akaniambia, “Mzee, mimi simlaumu. Namlaumu nani sasa?” Bodaboda ikamchukua.

Jumanne tulinyolewa. Mzee wa kutuliza alisema maneno mazuri, watu walilia vizuri. Binti yangu, kichwa kinang’aa, alienda mwenyewe kwa msichana, akanyoosha mkono. “Lete simu.” Msichana akampa. Ile sehemu haikufunguka tena.

Msichana akapeleka maombi kwa njia ya watu wote, pamoja na dunia nzima, kwa kile chuo kidogo na vingine. Kile kikubwa hakukigusa. Alisema hataki kukililia mara mbili. Tukavuna, tukaanika, tukapukuchua. Krismasi ikapita bila jibu, kwa sababu hakukuwa na la kujibu. Machi majibu yakaanza kuja. Alikuwa anasoma peke yake nyuma ya choo, mahali mtandao unashika, halafu anarudi anaendelea na kazi, nasi tunajua wamekataa. La kile chuo kidogo lilikuja mwisho. Walimsifu sana. Walisema walioomba walikuwa wengi na wazuri, na nafasi za kulipia wageni zilikuwa zimejaa mapema.

Mwalimu aliniambia baadaye, ili kunituliza, kwamba hata mapema mlango ulikuwa mwembamba, labda wangemrudisha vile vile. Ninaamini. Halafu usiku, au tuseme alfajiri nikienda kukamua, siamini. Hiyo ndiyo mizani mibaya kuliko ya ghala. Ya ghala angalau mtu anadunga gunia, anakwambia. Hii yetu gunia halikudungwa.

Na dada yangu? Ananiuliza kila tukionana, “Huyo mtoto bado hajaolewa na hao Wazungu?” Si kwa ubaya. Anaamini kabisa kwamba alimwokoa. Na binti yangu siku hizi akishona pale Tuwan, mtu akileta kitambaa cha sare ya mazishi, anamwambia aende kwa fundi wa pili.

Msichana ameomba tena vyuo vya hapa, na wamempa ule ualimu wa hesabu. Anaanza Septemba. Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi ya mbegu, yeye na mimi, mama yake hayupo. Nikatafuta neno la kumwambia. Nikaanza, “Mama yako unajua vile aliogopa…”

“Najua,” akasema. Akachukua gunzi lingine. “Lakini kuka, si mimi ndiye nilimwambia ni uchumba?”

Nilitaka kusema hapana. Punje zilikuwa zinaanguka kwa beseni, tap, tap, na yeye alikuwa anangoja kweli, ameniangalia, vile alikuwa ananingoja zamani pale juu ya daraja. Nikaangalia chini. Nikachukua gunzi langu nikaendelea.