Nyumba ya Kumi na Nne Inajibu Kengele

Kengele ya baiskeli inalia mara tatu. Kimya. Halafu ndani ya nyumba ya kwanza mtu anagonga mfuniko kwenye sufuria. Ko!

Prudencia Rwehumbiza hasimami. Anakanyaga pedali, baiskeli inateleza kwenye njia ya zege inayofuata mto Mirongo, hapa Mabatini. Ni Jumatatu, hakujapambazuka vizuri, na ukungu umelala juu ya maji. Hatua ishirini mbele huoni kitu. Anapiga tena mara tatu. Nyumba ya pili inajibu. Ya tatu. Ya nne.

"Hao hawajaamka, wanagonga wakiwa kitandani," anasema. "Sufuria inakaa chini ya kitanda. Mimi sijali. Mtu agonge tu, nijue yumo na amesikia."

Prudencia, mwenye miaka 38, kazi yake ni kusoma maji. Kwenye madaraja matatu kuna nguzo zenye namba za sentimita. Alfajiri na jioni anazipitia kwa baiskeli, anaandika kwenye daftari la mtaa, halafu anawapa habari watu wa bondeni. Kengele tatu, mto uko salama. Kengele mfululizo bila kukata, tokeni.

Posho yake ni shilingi elfu sabini kwa mwezi. Mchana anafua nguo za watu. Jina lake wengi wameshalisahau, wanamwita Mama Kengele.

Nyumba za bondeni ziko kumi na tatu. Zamani zilikuwa kumi na nne.

Ile ya kumi na nne imebaki kuta mbili na fremu ya mlango. Paa hakuna. Majani yamefika kiunoni. Akifika hapo Mama Kengele anapunguza mwendo, anapiga mara tatu kama kwingine kote.

Ko!

Sauti inatoka ndani. Si mwangwi. Ni mfuniko kwenye sufuria, kabisa.

"Umesikia, eti?" ananiuliza mimi ninayemfuata nyuma, bila kugeuza kichwa. "Basi usiseme kitu. Twende."

Obedi, fundi redio anayekaa nyumba ya kumi na tatu, anacheka akiulizwa. "Bati hilo, linapigwa na upepo." Anaambiwa upepo haupo, ukungu wenyewe haujasogea. "Basi panya." Anaacha kucheka. "We usiniulize mimi, bwana. Mimi ndiye ninayelala jirani na hiyo nyumba."

Aliyekuwa anaishi pale ni Rebeka, muuza vitumbua, rafiki mkubwa wa Prudencia. Masika ya mwaka juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Watu walitoka wenyewe, wakakaa juu barabarani na magodoro yao. Asubuhi Prudencia akasoma nguzo, akakuta maji yameshuka. Akapiga kengele tatu. Watu wakarudi ndani.

"Nilifurahi mno," anasema. "Nikamwambia Rebeka, dada, kachome vitumbua vyako, mto umetulia. Akagonga sufuria, akacheka. 'Mama Kengele, ukirudi leo nakupa kimoja cha bure.' Sikukila."

Mto haukuwa umetulia. Huko juu magogo na takataka vilikuwa vimeziba karavati la chini ya barabara, maji yamejikusanya nyuma yake. Yalipoachia yalikuja yote pamoja. Wengine walikimbia. Rebeka alionekana siku ya pili, kule mto unapoingia ziwani.

"Hakuna aliyenisema. Hiyo ndiyo mbaya. Wangenitukana, ningepata usingizi."

Wiki moja baada ya mazishi alirudi kazini. Nyumba kumi na tatu zikajibu. Ile ya Rebeka akaipita bila kupiga kengele, akiangalia mbele. Sufuria ikagongwa. Tangu hapo hathubutu kupita kimya.

Ukimuuliza anataka nini maishani, hataji baiskeli mpya wala kuongezwa posho. "Nataka nipige siku moja, Rebeka asijibu. Nijue amepumzika. Nijue na mimi ameniachilia."

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua inanyesha mpaka karibu alfajiri. Inapokatika, Prudencia yuko daraja la kwanza na tochi. Jana namba ilikuwa arobaini. Leo ni kumi na nane.

Mvua imenyesha, mto umeshuka.

Anakaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Halafu anashuka njia yote ya zege bila kuachia kengele.

Milango inafunguka. Obedi anatoka na taulo, anachungulia mtoni.

"Mama Kengele, umeamkia pombe? Maji hayafiki hata goti la bata!"

"Bata naye ana goti?" mtu anadakia kwenye ukungu. Wanacheka.

"Tokeni," anasema Prudencia.

"Yameshuka, mama! Kushuka ni kushuka."

"Ndiyo maana nasema tokeni! Mvua ya usiku mzima imekwenda wapi?"

Mzee Maige, aliyepita miaka sabini, amekaa mlangoni kwake. Hajacheka.

"Shikamoo, mzee. Toka, baba yangu."

"Marahaba. Mwaka juzi si ulitwambia turudi?"

Kicheko kinakatika.

"Niliwaambia, baba. Nilikosea."

Hakuna anayesogea. Anapiga tena kengele, kidole kinauma, hakuna anayesogea. Hapo ndipo nyumba ya kumi na nne inaanza.

Safari hii si mara moja. Mfuniko unagongwa mfululizo, ko ko ko ko, kama mtu anayeita watu kwenye moto. Upepo hakuna. Jani halitikisiki.

Mzee Maige anachukua fimbo yake, anaanza kupanda. Wengine wanafuata, mbio. Obedi anatoka na redio tatu za wateja na kiatu kimoja.

Zinapita dakika kama ishirini. Kwanza inakuja harufu ya tope. Kisha ukungu unapasuka na maji yanapita na magogo, mapipa, kitanda kizima. Yanafunika njia ya zege, yanafunika vyuma vya kushikilia vya kando yake, yanaingia nyumba tisa. Hamna mtu ndani. Prudencia anahesabu watu barabarani, arobaini na mmoja. Anarudia kuhesabu. Arobaini na mmoja.

Mchana maji yakiwa yamepungua, Obedi anaingia nyumba ya Rebeka na jembe. Anatoka amechafuka mpaka usoni.

"Nimechimba kila kona, mama yangu. Hakuna sufuria. Hakuna bati. Hata kijiko hakuna."

Jumatano Prudencia yuko njiani tena. Zege limejaa tope, sehemu nyingine anasukuma baiskeli. Namba imerudi arobaini. Kengele tatu, nyumba ya kwanza inajibu. Wanajibu wote, mpaka Obedi, tena anagonga kwa nguvu kuliko wenzake.

Kwenye kuta mbili anasimama. Anapiga mara tatu.

Kimya. Tope linadondoka kwenye fremu ya mlango.

Anapiga tena. Anasubiri, kichwa ameinamisha upande wa mlango. Anapiga mara ya tatu.

Kimya.

Anafuta kengele kwa ncha ya kanga, taratibu, muda mrefu.

"Kesho nitapita mapema kidogo," anasema. "Huenda bado amelala."