Bango la Pande Mbili

Wifi yangu ni mchora mabango. Akikerwa, huzunguka chumba kizima kama kuku anayetaka kutaga, na tangu jana hajakaa.

Mwaka jana mbunge wa chama kile kingine alimgonga muuza maji kwa gari akamuua, mahakama ikamwachia. Katibu wa chama chetu alikuja mbio: "Dada, andika HAKIMU KANUNULIWA!" Tukaandamana mpaka sauti zikatukauka.

Juzi mbunge wetu naye, aliyemgonga fundi baiskeli akamuua, kaachiwa. Jana katibu akarudi na kitambaa kilekile. "Geuza, andika TUHESHIMU MAHAKAMA."

"Katibu, kitambaa hiki chepesi. Jua likipiga, maandishi ya nyuma yatapenya," wifi akamwonya.

"Wewe andika bwana! Nani atahangaika na ya nyuma?"

Akaandika huku akisonya. Leo wameliinua bango juani, na yule hakimu aliyenunuliwa akajitokeza kinyumenyume katikati ya heshima. Watu wakacheka hadi maandamano yakavunjika.

Katibu akaja akifoka. "Umetuaibisha!"

"Mama wa muuza maji na mama wa fundi baiskeli wamesimama pale nje," wifi akamjibu. "Nenda kawaambie wasome upande upi."