Fumanizi la Rangi za Maji

Nianze kwa kukiri, maana mkisubiri watu wa Korogwe wawasimulie mtasikia mengine kabisa: ni kweli nilifumaniwa gesti, mchana kweupe, nikiwa nimejifunga khanga moja, na waliokuja kunifumania ni mume wangu Rajabu, mama yake mzazi, dada yake Mwanaidi, na mjumbe wetu wa nyumba kumi aliyekuja na koti kwenye joto lile kwa sababu aliona ni shughuli ya kiserikali. Hayo yote yalitokea na siwezi kuyafuta. Wanachokiacha watu wakisimulia, kwa sababu kinawaharibia utamu, ni kile nilichokutwa nacho.

Mimi ni muuguzi. Nyumbani kuna watoto watatu, kuna Rajabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kuna mama mkwe aliyekuja kutoka Handeni kutibiwa macho, macho yakapona, mwenyewe akabaki (nasema kwa heshima, na siku hizi anaona kuliko sisi sote). Na nina ugonjwa mmoja ambao nimeshindwa kuutibu, napenda kuchora kwa rangi za maji. Nilifundishwa utotoni na mama mmoja mzee, mgeni, aliyekuwa akifikia misheni kule Lutindi ambako mama yangu alikuwa mpishi, na alipoondoka aliniachia kisanduku chake cha rangi, nikaharibikiwa tangu siku hiyo.

Sasa rangi za maji si kama kushona kitambaa cha kochi, kwamba unakiweka pembeni ukirudi unaendelea pale pale. Unailowesha karatasi, unaweka rangi ikiwa bado mbichi, na kama unataka anga au ukungu inabidi umalize kabla haijakauka, kwa sababu ukiinuka kidogo tu, ukirudi unakuta mstari mgumu umekatiza mawingu, na mstari ule hautoki hata uufanyeje. Anga zangu zote nilizochora nyumbani zina mistari. Mmoja ni wa siku mwanangu Saidi alipopasuka kichwa, mwingine ni wa gesi kuisha na wali bado una moyo, mwingine ni wa Rajabu aliyeniita kutoka chumbani nimtafutie soksi ambazo alikuwa amezikalia. Picha moja niliianika uani, nikaikuta mama mkwe ameiwashia jiko la mkaa. "Nilijua ni karatasi tu, mwanangu," akaniambia, nami nikamjibu hamna neno mama. Neno lilikuwepo.

Na picha niliyokuwa naihangaikia ni moja. Nyumba ya mama yangu kule Bungu, asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na yeye amesimama mlangoni na khanga yake nyekundu. Mama alishafariki, kaka yangu akaibomoa nyumba akajenga nyingine ya kisasa, na hakuna mtu aliyewahi kuipiga picha ile ya zamani. Ilikuwa imebaki kichwani mwangu peke yake, na nilikuwa nimeanza kusahau dirisha lilikaa upande gani. Hilo lilinitisha, siwafichi.

Basi kazini wakabadilisha ratiba ya zamu, Alhamisi nikawa natoka mchana badala ya jioni. Siku ya kwanza nilikuwa naenda nyumbani kuwaambia, nikafika sokoni nikafikiria mlima wa vyombo, nikafikiria mama mkwe atakavyosema, "Vizuri sana, sasa utanipeleka kwa shoga yangu kila Alhamisi," nikanyamaza. Kosa lote ni hilo. Sikudanganya, nilinyamaza tu (hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia, nikijiona nina akili).

Kwanza nilikwenda Hale, pembeni ya mto, nikakaa na ubao wangu mapajani. Watu wakaanza kukusanyika wakidhani napima viwanja, na mzee mmoja akanisihi kwa machozi nisilikate shamba lake, nikamwonyesha picha, akaniambia ramani hii bado haijakamilika. Nikarudi. Nikafikiri, nikafikiri, nikaona mahali pekee Korogwe ambapo mwanamke analipia mlango unaofungwa kwa ndani na asigongewe ni gesti. Jamani, mlango unaofungwa kwa ndani, nani kati yenu anao?

Ng'ambo ya reli kuna gesti moja tulivu, vyumba vina meza na dirisha kubwa. Dada wa mapokezi alikuwa anachungulia nyuma yangu kila nikiingia. "Mwenzio anakuja?" Namwambia haji. Alhamisi iliyofuata tena, haji. Mwisho akawa ananiletea soda na kunipa pole, akaniambia wanaume ndivyo walivyo, dada, usijiue. Nikapokea soda.

Nisilojua ni kwamba wifi yangu Mwanaidi alihamishia biashara yake ya vitenge mtaa ule ule. Akaniona naingia na sare za kazini, Alhamisi moja, ya pili, akapiga simu kazini kwetu kuniulizia, akaambiwa ameshatoka tangu mchana. Akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia Rajabu. Rajabu akamwambia mjumbe, kwa sababu fumanizi bila mjumbe ni ugomvi tu.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika na feni imelala. Nikavua sare nisije nikaichafua na rangi ya bluu, nikafumua na nywele maana kitambaa kilikuwa kinanichoma, nikabaki na khanga. Mezani glasi mbili, moja ya maji safi, moja ya kuoshea brashi. Simu ikaita, Rajabu, "Uko wapi?" Nikamjibu, "Kazini, kuna mgonjwa, nitakupigia." Hapo sasa nilidanganya, na mwenzangu alikuwa amesimama chini ya dirisha langu.

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ukungu ulikubali. Nilikuwa nimeshauharibu Alhamisi zote za nyuma, ukawa unatoka kama moshi wa takataka, lakini siku hiyo uliteremka wenyewe kwenye karatasi mpaka kwenye migomba, taratibu, nami nimebana pumzi. Nikamweka mama mlangoni, kidoa chekundu, rangi ikatambaa kidogo kwenye unyevu kama khanga inayopeperushwa. Nilimwona. Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema. Bado kipande kidogo cha anga.

Mlango ukagongwa. "Fungua." Sauti ya Rajabu.

Mtu mwenye akili timamu angefungua. Mimi nikatazama karatasi, bado inang'aa maji, nikajua nikiinuka nitaukuta mstari juu ya nyumba ya mama, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama niko jikoni kwangu, "Ngoja kidogo, namalizia."

Nje nikasikia ndara za watu wengi zikisogea mlangoni.

"Unamalizia nini?"

"Dakika moja tu, Baba Saidi, nikiacha sasa inaharibika."

Nikamsikia mama mkwe akisema taratibu, "Mungu wangu, hana hata aibu."

Bega la Rajabu likaingia na mlango. (Kitasa kile gesti ilinunua dukani kwake, na nimeshamwambia mara nyingi vitasa vile ni vibovu.) Nikawageukia na khanga yangu, nywele timtim, brashi mkononi, na kwa kuwa nimelelewa vizuri nikasema, "Shikamoo mama." Na yeye kwa mazoea akaitika, "Marahaba." Kisha akakumbuka tulipo, akaziba mdomo.

Mjumbe akapiga magoti na koti lake akachungulia uvunguni. Mwanaidi akafungua choo, akafungua kabati ambalo hata mtoto hatoshi. Mlangoni watu wamejaa na simu zao juu, dada wa mapokezi analia akiapa kwamba huyu huja peke yake, ameachwa, muacheni. Mjumbe akainuka, akanyooshea kidole meza.

"Kama uko peke yako, mbona glasi mbili?"

"Moja ya kuoshea brashi, mzee."

Akainusa.

"Katokea dirishani," mtu akasema. Dirisha lina nondo. "Basi ni mwembamba," mwingine akajibu, na watu wakakubali.

Mwanaidi, ambaye hakuwa amekata tamaa, akanyanyua godoro, godoro likapiga meza, glasi ya maji machafu ikamwagika juu ya Bungu yote, karatasi ikateleza ikaanguka chini, na Rajabu akarudi nyuma hatua moja kumpisha dada yake. Akaikanyaga. Hakuangalia chini. Nikainama nikaiokota.

"Nilikuwa nachora," nikasema baadaye.

"Unachora?" akauliza Rajabu. Nilidhani atashukuru Mungu. Akawatazama watu mlangoni, akamtazama mjumbe anayejipangusa magoti, uso ukamshuka. "Bora ungekuwa na mtu, ningejua nagombana na nani. Sasa hawa wote nimewaleta waje kuona nini?"

Kesho yake kikao. Baba mdogo wake alikuja kutoka Handeni, mtu mpole, akaniuliza, "Mama Saidi, nyumbani ulikosa nini?"

"Muda, baba."

"Muda wa nini?"

"Wa kukaa na jambo moja mpaka liishe."

Akafikiri, akasema, "Hata mimi sina." Wakacheka wote, na kikao kikaishia hapo. Mama mkwe tu ndiye aliyeshikilia kwamba nimechezewa, mtu mzima mwenye watoto hajifungii akachora milima, nipelekwe kwa mganga Handeni nikaangaliwe. Nilikwenda. Nilioshwa kwa majani, nikaambiwa kuna mwanamke ananionea wivu, nikarudi nimepona.

Rajabu si mtu mbaya. Alinitengenezea meza akaiweka sebuleni, mbele ya televisheni, akatangaza kwa watoto na wageni, "Achore hapa, nani amemkataza?" Nikichora wote wananitazama, na mama mkwe aliniagiza ua waridi lenye neno Karibu, nikamchorea, limetundikwa ukutani na wageni wanalisifia. Kazini nako wagonjwa wananong'ona. Kuna mama nilikuwa namchoma sindano, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, zile nondo alipitaje? Aliniuliza kwa heshima. Nikagundua angenielewa zaidi kama yule mwanaume angekuwepo, na wote wangenielewa zaidi.

Kwa hiyo nimekoma. Ratiba yangu ya zamu imebandikwa kwenye friji kila mtu aione, na Alhamisi mchana niko nyumbani nakatakata mchicha, au nampeleka mama mkwe kwa shoga yake. Gesti siikanyagi, hata ng'ambo ya reli sipiti. Nimejaribu tena ile nyumba pale sebuleni, lakini dirisha sikumbuki tena lilikaa upande gani. Karatasi ya siku ile ninayo, imekauka na doa la maji na alama ya soli pale mlangoni.

Juzi tunakunywa chai, Rajabu akaniuliza bila ugomvi, kama mtu anayeuliza habari za zamani, "Hebu niambie ukweli, yameshapita. Yule mtu alikuwa nani?"

"Mama yangu," nikamwambia. "Ulimkanyaga."

Akacheka kidogo, akasogeza kikombe nimwongezee chai.