Siku Mama Bobini Alipofungua Kabati Langu

Mtaani kwetu wapo mafundi watatu wa kutengeneza cherehani, wote wanaume, na wote watakwambia mashine yako imekufa, nunua nyingine. Nyingine hiyo wanayo wao. Mama Bobini hajawahi kuua mashine ya mtu. Anaingia, anaweka mkoba chini, anatoa bisibisi zake kwenye kasha la miwani, kisha anauliza swali lake lilelile: "Ilianza lini, na siku hiyo ulibadilisha nini?"

Ufundi hakufundishwa na mtu. Alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha nguo. Miaka kumi na mmoja alifagia nyuzi chini ya miguu ya mafundi, na kwa kuwa mfagiaji haonekani, walifungua mashine mbele yake bila kuficha kitu. Kiwanda kilipofungwa, wao waliondoka na vyeti, yeye akaondoka na ufundi. Kompyuta nazo alizijua kwa ufagio: alipata kibarua cha usafi katika chuo kidogo cha kompyuta, akawa anapiga deki polepole kuliko kawaida.

Mimi nilitolewa shule darasa la pili ili kaka yangu aendelee. Aliendelea kweli, mpaka akatusahau. Kwa hiyo mtu aliyejifundisha mwenyewe namheshimu kuliko mwenye cheti ukutani.

Sasa nieleze Ijumaa ile. Shule kubwa ya huku kwetu ilitangaza kwamba inatafuta mshonaji wa sare. Maombi yapelekwe kwenye ukurasa wao wa intaneti, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote, na sababu yangu siifichi. Mume wangu aliondoka hapa na cherehani mbili mpya, mashine ya ovaloki ya kufunga kingo za nguo, na msichana niliyemfundisha mwenyewe kukunja pindo. Akaniachia cherehani ya miguu na kompyuta aliyoiita takataka. Leo wana karakana ng'ambo ya soko, yenye bango lililoandikwa "Wabunifu". Mtu mwenyewe kukata kola hajui. Na yeye alikuwa ameomba kazi ileile.

Nilikuwa na picha za sare zangu, vipimo na kila kitu. Tatizo, tangu Jumanne kompyuta ilikuwa haifungui ukurasa hata mmoja. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha yanatokea maneno kwamba hakuna mtandao. Nilipigia simu kampuni ya intaneti. Binti mwenye sauti ya asali akaniambia nizime, niwashe. Nilizima na kuwasha mpaka swichi ikalegea. Ijumaa saa nne na nusu nikaona nisijifanye jabali. Nikamwita Mama Bobini.

"Ilianza lini?" akauliza hata kabla hajakaa.

"Jumanne."

"Na Jumanne ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu."

"Kila mtu hakubadilisha kitu, mdogo wangu. Mashine huwa zinaamka tu na kukasirika." Akainama kwenye skrini. "Alama ya mtandao hii hapa, ina kimstari kimoja, nacho kinatoka na kurudi. Kisanduku cha intaneti kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kipo salama, dada. Na taa zake zote zinawaka, nimehakikisha asubuhi."

Alinitazama mpaka nikaingiza mkono kifuani na kutoa funguo.

Niseme ukweli. Jumatatu yule bwana aliyeniacha alikuja, ati anatafuta cheti chake cha kuzaliwa. Alizunguka nyumba nzima, akanipasha habari kwamba na yeye ameomba kazi ya shule, akaondoka anapiga mluzi. Jioni natafuta mkasi wangu mkubwa, haupo. Nikaapa hatanichukulia tena hata pini. Nina kabati la chuma chumba cha ndani. Nikaweka humo mikasi yote, pasi, vitambaa, na kile kisanduku cha intaneti, waya zake nikazipitisha kwenye tundu la kutu kwa nyuma. Nikatia kufuli mbili.

Mama Bobini alilizunguka kabati lile, akauona waya ukiingia kwa nyuma, akaketi juu ya kitanda changu na kucheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Unacheka nini? Si taa zinawaka?"

"Mfungwa naye anapumua! Umemtia jela, umempiga kufuli mbili, halafu unataka akusalimie ukiwa kule mbele? Mawimbi haya ukuta wa tofali yanapita kwa taabu. Chuma kinayarudisha yalikotoka. Ukimfungia mtu ndani ya pipa akaongea, utamsikia?"

"Nitasikia anagonga."

"Ndicho hicho kimstari chako kimoja. Anagonga. Mtoe."

Nilimtoa. Tukakirudisha kisanduku kwenye rafu ya dirishani, mahali pake pa zamani. Nikakimbilia kompyuta: mistari imejaa yote! Nikapiga kigelegele. Nikaandika anwani ya shule kwa kidole changu kimoja, herufi kwa herufi, nikabonyeza. Skrini ikaleta onyo kwamba ukurasa ule si salama, nirudi nilikotoka.

Ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

"Ameniroga," nikasema. "Yule mwanamume ameniroga, na yeye atapata ile kazi kwa mkasi wangu mwenyewe."

"Mchawi gani anayeanza na kompyuta? Jaribu ukurasa mwingine." Nikajaribu, onyo lilelile. Ukurasa wa tatu, vilevile. "Zote zinakataliwa, basi ubaya hauko kwao. Uko hapa ndani." Akavaa miwani, akasogeza pua mpaka kwenye kona ya chini ya skrini. "Mdogo wangu, miaka saba iliyopita, mwezi wa kwanza, tarehe moja, ulikuwa wapi?"

"Mwezi wa kwanza?" Nikahesabu. "Hapahapa. Bado nimeolewa."

"Basi kompyuta yako inadhani bado una mume."

Jamani, nilicheka. Saa inakimbia, kazi inanitoka mkononi, na mimi nimeshikilia meza nacheka, machozi yananitoka.

Akanieleza huku anabonyeza. Kila ukurasa una kama kitambulisho, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Brauza, ile programu inayofungua kurasa, hukikagua kwa saa ya kompyuta yenyewe. "Ukimpelekea karani kitambulisho kilichotolewa miaka saba ijayo, si atakufukuza? Saa imerudi nyuma kwa sababu betri yake ya ndani imekufa, ile bapa kama sarafu. Lakini imekufa siku nyingi. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani inakumbuka tarehe, ukichomoa inasahau. Sasa niambie, tangu Jumatatu umekuwa ukichomoa nini?"

Waya wa umeme wa kompyuta nao nilikuwa naufungia kabatini kila nikienda kulala.

"Kwa hiyo kila asubuhi," akasema Mama Bobini, "unairudisha mwenyewe kwa mumeo."

Aliweka tarehe ya siku ile na saa ya ukutani, akaufungua ukurasa upya. Nembo ya shule ikajitokeza, kijani na nyeupe, nzuri kama kitambaa kipya. Zilibaki dakika kumi na nane. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika.

"Jina la biashara."

Zamani biashara ilikuwa na jina la yule bwana. Niliandika langu.

"Uzoefu, miaka mingapi?"

"Yeye atakuwa ameandika ngapi?"

"Yake yanakuhusu nini? Andika yako, upesi!"

Ishirini na miwili. Nikaweka picha, nikabonyeza. Saa sita kasoro dakika nne skrini ikasema ombi limepokelewa. Nikamwomba anisomee tena. Akanisomea mara tatu, ya tatu kwa sauti ya binti wa kampuni ya simu.

Malipo alitaka nimbadilishie zipu ya sketi. Nilimbadilishia zipu, nikampunguzia na kiuno bila kumwambia. Betri mpya aliitia Jumamosi, tena alikuja amevaa sketi hiyohiyo, anazunguka mlangoni nimwone.

Wiki ya pili shule ilinipigia. Sare mia mbili, za kwanza zinatakiwa mwisho wa mwezi.

Nilikata simu, nikafungua kabati, nikatoa mikasi yote. Midogo. Huwezi kukata sare mia mbili kwa mikasi ya kukatia nyuzi. Nikavaa viatu, nikaacha mlango wa kabati wazi, nikavuka soko mpaka kwa Wabunifu. Yule bwana alikuwa mezani anahangaika na kola.

"Nimefuata mkasi wangu," nikamwambia. "Nina kazi."