Mtoto Wangu Kwenye Mkeka wa Mwinyijuma

Nilimkuta mtoto wangu anauzwa Kisarawe, mchana kweupe, amelazwa kati ya mwiko na kiti cha miguu mitatu.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele.

Nilisimama tu, mkeka wangu begani. Maana mtoto huyo, kwa ninavyojua mimi, alikuwa nyumbani, amefungwa kwenye kaniki, ananing'inia darini chumbani kwa Bibi. Asubuhi ile ile nilipofagia niliuona mzigo wake.

Ngoja nieleze, usije ukadhani nimechanganyikiwa.

Mtoto ninayemsema ni wa mti. Sisi Wazaramo tunamwita mwana hiti. Hana mikono wala miguu. Ana kichwa, kitovu, na nywele za kuchonga zilizosimama pande mbili. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, na huyo ndiye anakuwa mtoto wake. Anamwosha, anampaka mafuta ya nyonyo, analala naye. Akimtunza vizuri, kesho naye atazaa. Akimtupa, shauri yake.

Wetu alichongwa na marehemu babu. Alipita kwa mama, akapita kwangu. Jumatatu inayokuja ilikuwa zamu ya mdogo wangu Swaumu kuingia ndani.

Sasa anafanya nini sokoni?

Ilikuwa mwaka ule wa kutawazwa Malkia, hamsini na tatu. Bomani waliandaa maonyesho ya kazi za mikono. Mimi nilikuwa nimepeleka mkeka, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kutazama. Penye soko la vyungu, mikeka na vinyago, mimi nipo. Mtu mwenye haya hatazami nyuso za watu, anatazama vitu vyao, na kwa kutazama hivyo nikajua mkono wa kila fundi. Siku hiyo niliona chungu chenye mjusi shingoni, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe, nikakizunguka mara tatu mpaka mwenye chungu akaanza kunitilia shaka.

Kisha nikafika kwa Mwinyijuma.

Mwinyijuma alikuwa mtu wa Mlandizi, mchuuzi wa vinyago, mdomo haufungi. Alikuwa anamhadithia jirani yake kwamba Wazungu hawataki kinyago kipya, wanataka kilichokaa moshini miaka. Basi yeye anavivundika juu ya jiko kama ndizi mbichi. Wiki mbili tu, kinyago cha juzi kinakuwa cha enzi za Wajerumani.

Nikasema moyoni, pengine na huyu ni wa kuvundikwa. Pengine amefanana tu.

Nikachuchumaa. Nikamgeuza nione kitako chake.

Alama zilikuwepo. Meno mawili ya mbele, na uwazi katikati.

Alama zile tulizijua wawili tu, mimi na Mungu.

Nilipovunja ungo nilikuwa darasa la tatu. Walinitoa shule wakaniweka ndani miezi saba. Kila asubuhi nilisikia wenzangu wakipita nyuma ya nyumba, wanaimba hesabu zao. Siku moja nikamsikia mwalimu akimwambia mama uani kwamba nafasi yangu amepewa mtoto mwingine.

Mwali halii kwa sauti. Ni aibu kwa nyumba nzima.

Basi nilimchukua mwana hiti nikamng'ata. Mti wake laini, na mafuta yalikuwa yameulainisha zaidi. Nikamng'ata siku hiyo, na kesho yake, na kila nilipowasikia wanapita. Mwali anayemng'ata mtoto wake sijawahi kumsikia popote. Sikumwambia mtu.

"Binti, huyo ana mwenyewe," Mwinyijuma aliniambia. "Karani wa boma ameshamtia chaki. Saa kumi anapanda lori, anakwenda Dar es Salaam kukaa kwenye kabati la kioo."

Kweli, alikuwa na mstari mweupe kifuani.

Nikamuuliza amempata wapi. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niulize mara mbili.

"Vitu vya maonyesho havina wazazi," akasema.

Nikakaa pale pale nikiwaza. Pale kwetu kulikuwa na jambo lililokuwa linaninyima usingizi tangu mwezi uanze. Bibi alikuwa ametoa amri kwamba Sikudhani, mke wa Mjomba Mwishehe, Jumapili arudishwe kwao Chole. Sababu hakuitoa. Kisimani wanawake walinong'ona eti kuna vitu vinapotea nyumbani kwetu.

Huyo Sikudhani kwa haki ni mkaza mjomba, lakini mimi nilimwita dada. Ndiye mtu peke yake niliyeweza kuzungumza naye nikamaliza sentensi. Anacheka mdomo wazi, mwanya wake nje, wanaume wanapoteza njia.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili.

Nikaukunjua mkeka wangu mbele ya Mwinyijuma. Miezi minne ya kusuka, ukili mwembamba, rangi tatu. Nikamwambia tubadilishane. Akaugeuza nyuma kuona mafundo, akapitisha kidole ukingoni.

"Na chaki ya karani?" akauliza.

Nikalamba kidole gumba nikaifuta.

"Chaki gani?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe bubu ana meno."

Akamtumbukiza mwana hiti kwenye kikapu alicholetwa nacho, akanikabidhi. Nikapiga hatua kumi hivi, kisha nikakitazama kile kikapu.

Kilikuwa na mstari mwekundu, na mahali pamoja mstari umeruka.

Nilikisuka mimi. Nilimsukia Mjomba Mwishehe awekee vyombo vyake vya kuchongea.

Sasa kila kitu kikajipanga. Mjomba ni fundi kama babu. Wiki tatu zile alikuwa anajifungia kibandani, moshi unatoka paani wakati hakuna anayepika, na mikono yake inanuka nyonyo. Nilipopita mlangoni alifunika kitu kwa gunia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso.

Nikajua: Mjomba anauza vitu vya ukoo, na mzigo wa lawama anatwishwa mkewe.

Nilifika nyumbani Bibi akiwa kisimani. Nikaingia chumbani kwake, nikapanda kinu, nikaushusha mzigo wa kaniki. Ndani yake alikuwemo mwana hiti mwingine, mweusi, anang'aa, nywele zile zile, kitovu kile kile. Ungeapa ndiye. Nikamgeuza.

Kitako laini kama kiganja.

Nikamrudisha. Nikaenda kibandani kwa Mjomba, nikasimama mlangoni na kikapu mkononi. Aliponiona nacho, patasi ilimponyoka.

"Saburi," akasema, "mrudishe ulikomtoa."

"Kwa nini Mjomba?"

"Mrudishe. Usiku huu asilale kwenye nyumba ya mama yangu."

Akainama kuiokota patasi. Na mimi sikumrudisha. Nilimficha chini ya kitanda changu nikalala juu yake kama kuku.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta Sikudhani anafunga nguo zake kwenye shuka. Alikuwa ameshapika muhogo na kunde, ameacha sahani ya Bibi imefunikwa pembeni ya meko, kama kila siku. Na kama kila siku, Bibi asingeigusa. Kwa miaka miwili Bibi hakula chakula cha mikono yake. Alisema tumbo linamsumbua. Sote tuliamini.

Bibi alikaa kizingitini kwake, fimbo mapajani. Mjomba alisimama karibu na kibanda, anatazama chini.

Nikaenda nikamweka mwana hiti mbele ya Bibi, nikasema yale niliyoyakariri usiku kucha. Kwamba Mjomba ndiye aliyemtoa mwana wetu akauzwe. Kwamba Dada Sikudhani hana kosa.

Bibi alivuta miguu nyuma kama amewekewa nyoka.

"Nani kamrudisha huyu?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mjomba.

"Mwishehe, nilikwambia ukamzike njia panda."

"Mama, ni kazi ya mkono wa baba," Mjomba alisema polepole. "Nilichimba shimo. Nikashindwa kumfukia. Nikaona heri akakae kwa watu wasiomjua."

Mimi sikuelewa. Kumbe Bibi ndiye aliyeamuru achongwe mwingine.

Ndipo Bibi akasema. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa mwiba.

Siku niliyotolewa nje, miaka miwili nyuma, yeye Bibi ndiye aliyempokea mwana hiti mikononi mwangu. Akamfuta mafuta amtundike. Akayaona meno. Meno ya mtu mzima, hakuna panya mwenye meno yale. Akajua kuna mtu humu humu ndani anayemla mtoto wa mwali. Na mwana akiliwa, tumbo la mwali limeliwa. Hakusema, kwa sababu jambo kama lile likisemwa linaamka. Alinyamaza akachunguza, mpaka zamu ya Swaumu ilipokaribia.

"Nikatafuta mwanya nyumbani mwangu," Bibi alisema. "Nikauona kwa anayecheka."

Akamtazama Sikudhani.

Sikudhani alikuwa na miaka sita kwenye ndoa bila mtoto. Na siku zile nilipokuwa ndani, ndiye aliyeniletea chakula.

Neno lenyewe hakuna aliyelitaja. Halikuhitajika. Sikudhani aliinama, akanyanyua mzigo wake akajitwisha, taratibu, kama anayebeba maji.

Nikaona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, ningenyamaza, hakuna ambaye angejua maisha. La pili, Sikudhani alikuwa ameshafika kwenye miche ya mihogo.

Tangu utoto nina tabia ya kuziba mdomo na ncha ya kanga ninapozungumza. Hata Bibi aliyenilea, sidhani kama alikumbuka meno yangu yakoje.

Nikaishusha kanga.

Nikamwokota mwana hiti, nikamgeuza, nikaweka meno yangu kwenye zile alama mbele yao wote.

Yaliingia kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Ni mimi, Bibi," nikasema nilipomtoa mdomoni. "Nilikuwa nalilia shule."

Bibi alinyoosha mkono, akanishika kidevu, akakiinua, akanitazama mdomo kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Nina mwanya. Mdogo, lakini upo.

Sikudhani alikuwa amesimama. Alirudi, mzigo bado kichwani, akaja mpaka mbele yangu.

"Miaka miwili, Saburi," akasema. "Na kila siku ulikuwa unakuja kula kwangu."

Sikuwa najua, Wallahi. Sikuwa najua Bibi anachowaza. Nilitaka kumwambia hivyo, sikumwambia. Mpaka leo sijui kama ingesaidia.

Bibi akajikongoja akasimama. Akaushika ule mzigo kichwani kwa Sikudhani, akautua chini kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaenda akakaa mekoni.

"Ile sahani ipo?" akauliza.

Sikudhani akanawa mikono. Akaileta, akaifunua. Kabla ya kuiweka mbele ya Bibi, alimega muhogo, akachovya kunde, akala yeye kwanza, anatutazama mmoja mmoja. Akatafuna. Akameza. Ndipo akaisogeza.

Bibi akala, machozi yanadondokea kwenye sahani. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu Swaumu aliingia ndani. Kungwi aliuliza apewe yupi, mpya au wa zamani. Bibi akampa wa babu, pamoja na meno yake. Alisema mtoto aliyebeba kilio cha mwali hajaliwa. Yule mpya Mjomba alimpelekea karani, akamwambia ukweli, kwamba ana wiki tatu tu tangu achongwe. Karani alimchukua hivyo hivyo.

Sikudhani alikaa mpaka Swaumu alipotolewa, ili isisemwe amekimbia. Halafu akaenda kwao Chole kwa hiari yake. Mjomba akamfuata na vyombo vyake kwenye kile kikapu changu. Wako huko. Nikienda ananipokea vizuri, ananipikia, tunacheka. Lakini tonge la kwanza anakula yeye. Kila mara. Na huku ananitazama.

Msomaji wangu, mimi niliwashuku watu wawili kwenye habari hii: nilimshuku Mwinyijuma, nikamshuku Mjomba. Bibi naye alimshuku Sikudhani. Sote tulitazama midomo ya wenzetu. Kama una jambo umelificha kwa sababu ya aibu, litoe mapema, hata kama ni dogo, hata kama utachekwa. Ukilificha, halitakaa bure. Litamtafuta mtu wa kumkalia, na mara nyingi linamkalia yule anayekupenda.

Nilidhani nimeng'ata mti. Kumbe nilimng'ata mtu.