Kabla Mate Hayajakauka

Usiku ule wa kuamkia siku ya kurudi kwa daktari nililala kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori, na kabla shuka halijafika mabegani nilikuwa tayari nimekaa kwenye benchi la zahanati, nasubiri kuitwa.

Lakini ngoja kwanza nikueleze habari za huyo daktari, la sivyo nitakupoteza njiani kama ninavyopoteza kila kitu. Mimi Zuhura nimepoteza funguo nyingi kiasi kwamba zikiokotwa zote leo zikayeyushwa, itapatikana reli ya kutoka Morogoro mpaka Tabora, na chuma cha kutengeneza behewa kitabaki. Nimeunguza maharage mpaka majirani wakisikia harufu wanajua saa ya kula imefika. Shule niliiacha nikiwa msichana, nikairudia ukubwani kwa masomo ya jioni, na mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mdogo kuliko sufuria yangu ya pilau. Nikamaliza, nikajipigia vigelegele mwenyewe, nikajiandikisha chuo cha ualimu wa chekechea. Hapo ndipo nilipokwama. Nikifungua kitabu, mstari wa kwanza ninausoma, wa pili ninausoma, wa tatu nipo sokoni kwa mawazo, nabishana na muuza nyanya.

Nilikwenda kwa daktari nikitaka kujua jambo moja tu: nimeumbwa hivi, au nimejifanya hivi? Daktari ni kijana mpole, ananiita mama. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, na kuishiwa maneno kwangu ni tukio. Akasema inawezekana ni ADHD, hali ya ubongo kushindwa kutulia kwenye jambo moja.

"Lakini mama," akasema, "hali hii haianzi ukubwani. Mtu anakuwa nayo tangu utotoni. Nahitaji ripoti za shule, au mtu aliyekuona ukiwa mdogo. Nyumbani walikuwa wanakulalamikia? Unachelewa, unasahau, hutulii?"

Nikafikiri. Sikukumbuka kuchapwa wala kukaripiwa. Nikasema hapana, na nikaona sura yake ikibadilika.

"Basi njoo na mtu," akasema. "Bila hivyo siwezi kubahatisha. Nitasema ni uchovu na mawazo, tuishie hapo."

Ripoti zangu zililiwa na mchwa wa Muheza, na nadhani mchwa wale sasa wamesoma kuliko mimi. Mama alifariki kabla sijamjua sura. Aliyenilea ni Bibi, mama yake mama, naye tulimzika zamani. Nilirudi nyumbani nikiwataja mmoja mmoja moyoni, jirani huyu, mwalimu yule, mjomba, na kila niliyemtaja yuko udongoni. Hapo kilichoniuma hakikuwa daktari tena. Niliona kwamba utoto wangu umebaki hauna mtu. Nikisema nilikuwa mtoto, ni neno langu peke yangu.

Basi, nipo kwenye benchi. Zahanati ni ile ile, ila haina paa, na kuta zake zina chokaa ya bluu kama ya nyumba ya Bibi. Kila mgonjwa amekaa na mtu wake. Mzee mmoja wa mvi tupu ameshikwa mkono na binti mdogo, kijana kabisa, na ninajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye mama yake. Wananong'ona. Kushoto kwangu pako wazi. Muuguzi anachungulia mlangoni.

"Anayefuata, na shahidi wake!"

Naweka mkoba wangu pale pembeni, pasionekane patupu.

Mtu akausogeza mkoba, akakaa. Sikugeuka. Nilisikia tu harufu ya mchaichai na moshi wa vifuu vya nazi, na moyo wangu ukaacha kazi.

"Mke mwenza," sauti ikasema, "sogea huko. Umenenepa."

Alikuwa akiniita hivyo tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, kwamba mimi na yeye tunamgombea babu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo, na sikuwa nimelisikia neno lile tangu tumfunike udongo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mume wetu anakusalimia."

Nataka kumkumbatia, mikono hainitii. Nikaogopa ataondoka, nikasema haraka haraka, maneno yakikanyagana. "Bibi, ni vizuri umekuja. Ingia kwa daktari, umwambie nilivyokuwa. Nilivyokuwa situlii. Nilivyokuwa nasahau."

Bibi akanitazama kwa mshangao. "Nani? Wewe? Mbona ulikuwa mtoto mzuri tu."

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Hukunisumbua hata siku moja."

Nilihisi benchi linazama chini yangu, nami na yeye ndani yake. Nikafumba macho, na nilipoyafumbua hapakuwa na benchi. Tupo uani kwake Muheza. Bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na nazi inashuka nyeupe kwenye ungo bila kutoa sauti. Nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nimevaa viatu vyangu vya chuoni na pete yangu ya ndoa, lakini miguu haifiki chini. Mtungi wa maji upo kwenye kona yake, unatoka jasho kama kawaida yake, na ardhi ya chini yake ni nyeusi, imeota ukoga wa kijani. Hata yule chura yupo, ambaye Bibi alimwita mpangaji asiyelipa.

"Mwajuma!" Bibi anaita.

Anatokea dada Mwajuma, binti wa mama mkubwa, tuliyelelewa naye kwa Bibi. Mwajuma yu hai, ameolewa Tabora, ana sauti ya kuweza kusimamisha treni, lakini hapa ni mtoto wa magoti ya majivu, kanizidi kidogo tu kimo. Simshangai.

"Kalete mafuta ya taa," Bibi anamwambia. Kisha anageuka, anatema mate chini, pale katikati ya ua, kwenye mchanga mweupe unaowaka jua. "Urudi kabla hayajakauka."

Kwa mliokulia kwenye saa za ukutani: ndivyo tulivyokuwa tukitumwa dukani. Mate ndiyo saa. Yakikauka hujarudi, fimbo ya mpera inakungoja. Mwajuma keshachukua chupa, keshapotea, kisigino kisogoni.

"Na wewe, mke mwenza. Chumvi."

Nashuka kwenye kinu, najiweka tayari. Lakini Bibi hatemi. Anaiacha nazi. Anainuka kwa kushika kiuno, anasogea taratibu, ananishika mkono na kunivusha ua mzima mpaka kwenye mtungi. Anainama. Anatema pale chini, kwenye ule weusi unaodondokewa maji mchana kutwa, pembeni ya mpangaji wake.

"Urudi kabla hayajakauka."

Nakimbia. Jamani, nakimbia mpaka upepo unaniomba nipunguze! Lakini njiani kuna mtu anaziba pancha, na kiraka kinatoa povu kwenye beseni, natazama. Kuna sisimizi wamebeba bawa la kipepeo kama tanga, nawasindikiza mpaka kwao. Njia inaota madirisha, inakuwa ukumbi wa shule ya jioni, taa zinawaka, yule mwalimu wangu kijana anaandika ubaoni na chaki yake ni unyoya wa kuku, nauomba, ananipa. Dunia nzima imetoka nje ili niitazame. Ndipo nikaona kivuli changu kimerefuka mpaka kimenipita, nikakumbuka kwamba nimetumwa. Sikukumbuka nimetumwa nini.

Narudi na unyoya.

Uani Mwajuma amesimama ukutani, anafuta machozi kwa kiganja. Chupa ya mafuta ya taa imejaa, ipo miguuni pake. Mchanga wa katikati ya ua ni mkavu kama haukuwahi kuguswa. Nampita mbio, nakwenda kwenye mtungi, napiga magoti.

Mate yapo. Yanang'aa.

"Bibi, nimewahi!"

"Umewahi, mke mwenza."

"Lakini chumvi sijaleta."

Bibi akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa chumvi, akaiweka pembeni ya ungo. "Chumvi ipo," akasema. "Nilinunua asubuhi."

Nilibaki pale pale kwenye maji, mtu mzima, mwanafunzi wa ualimu, sketi imelowa, unyoya mkononi. Nikaelewa kwa nini sikumbuki kuchapwa. Nikaelewa kwa nini daktari alipouliza kama walinilalamikia, nilisema hapana kwa moyo mweupe.

"Bibi. Kumbe ulikuwa unajua."

Hakunitazama. Alikuwa anakuna nazi, kichwa amekiinamisha kidogo, vile vile alivyokiinamisha maisha yangu yote.

"Jina lake sikulijua," akasema. "Nilijua tu kwamba juani hutawahi."

Nikataka aseme tena. Nikataka kukaa pale mpaka nazi iishe, mpaka wali uive, mpaka aniite kula na kuninyooshea mkono wenye ukoko, maana ukoko ulikuwa wangu siku zote. Ningeacha chuo, ningeacha funguo zangu zote zilizobaki. Lakini nyuma ya ukuta wa bluu muuguzi anaita.

"Anayefuata, na shahidi wake!"

Namshika Bibi mkono, namvuta. Mkono wake una baridi ya mtungi. "Twende, Bibi. Hayo hayo uliyosema. Neno moja tu, daktari atakuelewa."

Akainuka. Akanifuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mwenye uji mashavuni.

"Mimi humo siingii, mke mwenza. Mwite yule niliyemtemea juani."

"Bibi, ngoja kidogo..."

"Nenda. Urudi," akasema, na safari hii hakusema kabla ya nini.

Niliamka nimekaa, mto umelowa, nasema kwa sauti: niliyemtemea juani, niliyemtemea juani. Nilijua nikinyamaza tu maneno yataniponyoka, maana ndoto zangu hazifiki hata kwenye mswaki.

Mume wangu akafungua jicho moja. "Mama Rukia, nani kamtemea nani?"

"Usinisemeshe! Simu yangu iko wapi?"

"Juzi uliikuta kwenye friji."

Nikaenda kwenye friji. Ilikuwa kwenye friji.

Nje kulikuwa kunapambazuka. Siku zote zile nilipokuwa natafuta shahidi, nilitafuta watu waliokuwa wakubwa wakati ule, na wote wamekwisha. Haikunipitia kichwani kwamba mtoto mwenzangu naye alikuwa na macho. Nikapiga Tabora.

"Zuhura?" Mwajuma alipokea kwa sauti ya usingizi na hofu. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada. Nataka kukuuliza kitu. Unakumbuka Bibi alivyokuwa anatutuma dukani?"

Nikasikia kitanda kikilia, akikaa.

"Nisikumbuke vipi!" akasema, na usingizi wote ukamtoka. "Mimi mate yangu mchangani, jua la saa saba, yanakauka sijavuka hata uzio! Wewe malkia, yako chini ya mtungi! Halafu unarudi jioni mikono mitupu, umeokota takataka za njiani kama kunguru, na Bibi anacheka! Nguo umevaa nje ndani, kiatu kimoja kiko huku, kingine Mungu ndiye anajua. Mtoto gani wewe, hata usingizini ulikuwa unatembea na kitanda! Nikamwambia, Bibi, unapendelea. Akaniambia, mwache mwenzio, njia inamchukua. Njia inamchukua! Na mimi fimbo inanichukua! Mpaka leo nina kinyongo na wewe, nilikuwa nangoja tu uniulize."

Nilikuwa nimeshakaa sakafuni, simu ya baridi sikioni. Hakuna mtu aliyewahi kunilalamikia utoto wangu. Machozi yalinitoka.

"Zuhura? Unalia? Nakutania bwana."

"Leo nakwenda kwa daktari, dada. Nikiwa mbele yake nitakupigia. Umwambie hayo hayo."

"Nimwambie daktari habari za mate?"

"Mwambie," nikasema. "Ila kwanza niambie mimi. Anza tena."